Kiti Katikati ya Picha

Mjukuu wangu Akinyi,

Bwana asifiwe. Huku Pap Onditi mvua imeanza, na babu yako anakusalimu sana.

Umeniuliza kwa nini katika ile filamu mnayosoma chuoni mama amewekwa pembeni, kivulini, na mwanga wote wa mlango umeangukia kiti kitupu katikati. Mimi sikusomea filamu. Lakini nilipokuwa msichana, kanisa lilituonyesha sinema kwenye shuka, na picha moja ilifanana na hiyo.

"Mpiga picha amelewa!" vijana wakacheka.

Mama yangu hakucheka. Baba alikuwa mbali kikazi, na nyumbani hakuna aliyeruhusiwa kukalia kiti chake. Akaninong'oneza, "Hawa hawaoni? Hapo kuna mtu."

Sasa wewe, kila tukipigiana video, unalalamika: "Dani, sogea katikati! Naona kiti tu na sikio lako!"

Akinyi mama, simu ninaishika vizuri. Hicho kiti ni chako. Mungu akurudishe salama, uje ukikalie.

Ni mimi Dani, nyanya yako