Mtaka cha Mvunguni

Kaka yangu,

Sisi wazima, na shangazi anakusalimu. Umeuliza mtoto wa farasi ni dume au jike. Ni dume, ana alama nyeupe usoni kama mamaye.

Kabla ya kumpandisha mama tulihesabu kila kitu: malipo ya dume, majani, daktari wa mifugo. Daktari alituonya kwamba farasi wetu amezeeka mno kwa mimba ya kwanza. Wewe ukaniandikia: mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Alizaa Jumanne, hakuinuka tena.

Basi mimi ndiye niliyeinama, kaka. Mkokoteni wa maji nauvuta mwenyewe, na kila nikirudi mtoto hunisukuma kifuani kwa pua, akitafuta maziwa. Njoo.

Dada yako