Mfuko wa Tatu

Jumatatu, 2 Februari
Nimepalilia mpaka saa nne, nimerudi kunywa chai. Kijiji hiki hakina mtu mwenye bahati kama mimi, wacha niandike. Wenzangu wametoka duka la wakala kule mjini Magu na mbolea ya ruzuku mifuko miwili miwili. Mimi mitatu! Mashine ya kusoma vidole imejichanganya yenyewe, ikanipendelea. Nimefanya kazi kiwandani Nyakato, mashine zinanijua. Shule niliishia darasa la sita, lakini njoo uone mpunga wangu wiki ijayo.
Mbolea yote nimeshaimwaga shambani.

Jumanne, 3 Februari
Mama Milembe, mjane, jirani yangu, kaenda dukani kuchukua mfuko wake mmoja. Karudi mikono mitupu. Kaambiwa umeshachukuliwa.
Siku ya kujiandikisha vidole vyake viligoma kusomeka. Jembe limekula alama zote. Bwana shamba akataka kumruka, nikaweka kidole changu kwenye jina lake. "Chukua hiki, bwana shamba, hiki hata ng'ombe anakisoma." Watu walicheka. Nilifanya kwa moyo safi. Hilo nalisimamia.
Mpunga wake umeanza unjano. Asipoweka mbolea wiki hii, mwaka huu hana chakula.

Alhamisi, 5 Februari
Kijiji kizima kinamtukana binti anayeuza pale duka la wakala. Mwizi, mwizi. Nami nimetia utani: mbolea anapaka usoni, ndiyo maana anang'aa vile. Wamecheka wote kasoro Mama Milembe. Kanivuta kando.
"Baba Kulwa, kesho nisindikize kwa yule binti. Wewe unajua kuongea."
Nimekubali.

Ijumaa, 6 Februari
Nimejilaza. Nimesema malaria.
Mama Milembe hakwenda dukani bila mimi. Kaniletea uji wa mtama, kakaa kando ya kitanda. Anasema kosa ni la vidole vyake, vimekufa. "Pona kwanza, mwanangu. Mpunga utangoja."
Mpunga haungoji. Nimekunywa uji wote.
Alipoondoka mke wangu kaniuliza, "Malaria gani hiyo inayomaliza sufuria?" Nikageukia ukutani. Najiona mchafu.

Jumapili, 8 Februari
Jana nimeuza ndama mnadani, nikanunua mfuko wa mbolea kwa bei ya kawaida, ile isiyo na ruzuku. Leo baada ya ibada nimeubeba hadi kwake. Akapiga vigelegele, akaita majirani waje waone mtu mwema. Nikamwambia aache. Nikaeleza yote mbele ya haohao majirani, na kwamba binti wa duka hana kosa.
Akafungua mfuko, akajaza beseni, akaenda shambani bila kuniangalia. Nikamfuata na ndoo. Tumemwaga mpaka jua limezama, yeye upande wake, mimi wangu. Sijui kama mpunga utarudi kijani. Umechelewa.
Mashine haikukosea. Nilipoweka kidole pale dukani ilitoa majina mawili, langu na lake. Binti akaniuliza huyu wa pili ni nani. Nikasema ni mama yangu, kanituma.
Bahati haikuwepo. Niliiba.