Barua ya posa kwa Word ndani ya Linux

Salale, Jumatano

Siku tatu nimeibembeleza Word, programu ya kuandikia ya Windows, ikubali kufanya kazi kwenye kompyuta yangu ya Linux, mfumo usioelewana nayo. Leo imekubali. Programu ya kuandikia iliyokuja na Linux yenyewe ingetosha kabisa, lakini mimi nilitaka sifa.

Nikaandika barua ya posa ya mdogo wangu Shabani, nikaipamba kwa maua pembeni. Kesho wazee wanaipeleka ukweni.

Nikamsomea shangazi kwenye skrini. Akasikiliza mpaka mwisho.

“Maneno mazuri, mwanangu. Sasa yaandike kwa mkono. Posa ya mashine, watadhani wameletewa barua ya serikali.”

Sasa niko karatasi ya nne; tatu nimeshazichana. Mwandiko ni ule ule ulionifanya ninunue kompyuta.

Wakimkataa Shabani, kosa ni la mwandiko wangu.