Mfuko wa Rungu

Jumatatu, 3 Novemba 2025
Rangi mpya ya jengo imefika hadi nguzo yangu. Fleti za juu zimejaa — vijana wa ofisi, wamerudi kuishi katikati ya Jinja! Jengo hili lilikuwa la popo tu. Nimefurahi, kwa nini nisifurahi? Zipu zao, mapazia yao, vyote vinashuka kwa cherehani yangu hapa verandani. Leo kazi kubwa zaidi: sare za walinzi wapya wa jengo. Alhamdulillahi.

Jumatano, 5 Novemba
Nimempima mkubwa wao, Afande Wanyera, mstaafu wa magereza. Tumbo hilo! Utepe nusura uishe. Tunaongea Kiswahili — chake cha kambini, changu cha Busia. Anataka kila suruali iwe na mfuko mrefu pajani. Wa nini? Wa rungu. Na ziwe tayari Jumamosi, Jumapili asubuhi kuna kazi. Kazi gani, afande? Kusafisha veranda. Mwenye jengo anataka kuweka meza za kahawa.

Veranda ni sisi! Mimi na cherehani, Rashidah na sigiri yake ya chai.

Alhamisi, 6 Novemba
Nimemwambia Rashidah. Akanikazia macho: na bado unashona, Nusifa? Nikasema nisiposhona mimi atashona mwingine. Leo hakuniletea chai.

Ijumaa, 7 Novemba
Afande kaja kujaribu suruali. Akaninong'oneza: mama, wewe nimekuombea kachumba chini ya ngazi. Ndani! Kana mlango! Na Rashidah? Huyo hapana, watu wa juu wanalalamika moshi.

Nikarudi kwenye upindo wa suruali yake. Sindano imenichoma kidole.

Jumamosi, 8 Novemba
Niliwaza kuzishikiza suruali kwa bandi tu, mshono mwepesi wa muda, wakiinama zipasuke. Mkono ukakataa! Sijui kushona vibaya, mpumbavu mimi. Afande kazichukua zote. "Kesho usikuje, mama. Kaa nyumbani."

Jumapili, 9 Novemba
Nimekuja. Cherehani nimeifunga nguzoni kwa mnyororo. Naandika nikisubiri. Rashidah amewasha sigiri. Hajanisalimia — ila amesogeza benchi lake hadi likagusa kigoda changu. Naogopa, wallahi.

Lori limesimama. Wanashuka. Suruali zimewakaa sawasawa, zote. Afande ameniona. Anatikisa kichwa, anakuja. Mkono wake umeshuka pajani.

Rungu limechomoka bila kukwama. Kazi yangu hiyo.