Kompyuta Iliyokuwa Ndani ya Kompyuta

Bigwa, Morogoro
Jumatano

Mdogo wangu Mwanvita,

Assalaam alaykum. Shikamoo yako nimeshaiitikia kabla hujaitoa, maana najua ukifika mwisho wa barua hii hutaitoa tena. Mgongo wako unaendeleaje? Na yule mbuzi wako mwenye sura ya marehemu shemeji, Mungu amrehemu, bado anakula nguo za watu kwenye kamba? Sisi huku wazima, ukiwaacha waliovunjika. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu huwa unanikatisha. Ndiyo maana nimempa barua Anastasia, mke wa Ignas, anayekuja gulioni kwenu.

Kwanza nikupe sifa zangu. Mimi kaka yako, niliyeishia darasa la nne, ndiye niliyewachagulia wanao programu ya kufanyia kazi yao ya kompyuta, nikaichagua vizuri mpaka walimu wa chuo kikuu wakapanda bajaji kuja kuniuliza nilitumia kipimo gani.

Haya, uongo. Hakuna mwalimu aliyekuja. Aliyekuja ni mgambo, na alikuja kwa sababu ya damu.

Luqmani yuko kwako tangu Jumamosi na najua hasemi. Hafidhi amekueleza kwa simu upande wake. Sasa sikia wangu.

Wanao wanatengeneza programu ya kupanga nyanya za wakulima wa Mlali, za nani zipande lori siku gani zisije zikaozea shambani. Kompyuta wanayo moja tu, na ile ya ofisi ya wakulima ni ya namna nyingine kabisa. Kumbe ipo programu inayojenga kompyuta ya pili, isiyoshikika, ndani ya ile uliyonayo. Unaijaribia kazi yako humo kana kwamba uko Mlali. Nilipoelezwa nilicheka, nikauliza kama humo ndani umeme nao unakatika.

Ugomvi ukawa ni programu ipi. Luqmani alitaka ya bure, akisema inatosha, na ikisumbua wapo watu dunia nzima wa kuuliza. Hafidhi alitaka ya kulipia, akisema ile ya bure inakokota kama konokono na kazi ina siku zake. Akamwambia kaka yake anapenda vya bure kama nzi. Luqmani akamjibu kwamba yeye hata akiuziwa hewa ataomba risiti. Na mimi, badala ya kuwaamua, nilikaa pembeni nikisema kwamba tangu utotoni ngumi za Luqmani ni za kupaka mafuta. Hafidhi akarusha sufuria ya uji. Luqmani akamkaba akambamiza ukutani mpaka lipu ikabanduka.

Ndipo wakaniletea shauri, kwa kuwa mjomba wao ni mimi na neno la mjomba huku kwetu unalijua. Nikaamua kila programu ipewe wiki moja. Ya Luqmani ikaanza, ikaganda mara mbili. Ya Hafidhi ikafuata, ikakimbia vizuri mno, hata Hafidhi akahamishia humo kazi yao yote ya miezi minne. Luqmani akamsihi aweke nakala pembeni. Hafidhi akacheka.

Ijumaa wakaenda msikitini. Mimi nilibaki nikisingizia goti. Njiani Luqmani aligundua kofia ameiacha, akarudi kuichukua. Waliporudi wote, Hafidhi akafungua kompyuta, na ile ya ndani haikuwepo. Imefutwa, na miezi minne ndani yake.

Hakuuliza mara mbili. Alisema aliyerudi nyumbani ni mmoja, na mwenye kutaka programu yake ishindwe ni huyo huyo. Akachukua mchi, ule wa mpunga aliotuachia mama. Luqmani alikuwa ameinama anavua viatu. Ulimpata mdomoni, nikasikia mlio kama muwa unaovunjiwa gotini. Meno mawili yalidondoka kwenye mkeka, moja likaviringika mpaka kwenye kidole changu cha mguu. Luqmani alikimbilia nje akauvuta mlango wa chuma kwa nguvu zake zote, na vidole vya Hafidhi vilikuwa kwenye fremu. Vitatu, vya mkono wa kulia. Mlango ulipofunguliwa kila kimoja kilikuwa kinatazama upande wake.

Hafidhi hakulia. Alishika panga kwa mkono wa kushoto akamfuata kaka yake uani. Ignas, jirani yetu seremala, akamkumbatia kwa nyuma. Nami nikafika na fimbo kuamua, nikampiga Ignas utosini, akaanguka kama gunia la mihogo. Panga likashuka kwenye bega la Luqmani kabla mgambo hajaingia. Nyuzi kumi na nne, Mwanvita. Umeziona mwenyewe.

Asubuhi yake wazee wa ukoo wakaniuliza nani aliingia ndani watu wakiwa msikitini. Nikasema nilikuwa nimelala, ila nilimwona Luqmani akiingia na kutoka. Hawakuhitaji lingine. Jumamosi hii wanakaa tena hapa Bigwa, kumtoa Luqmani kwenye nyumba na kwenye shamba la ukoo. Hafidhi kila asubuhi ananoa panga kwa mkono wake mzima, na ameapa kwamba Luqmani akikanyaga hapa, safari hii haitakuwa bega. Na wewe nasikia umemwambia Luqmani asile sahani moja na wewe.

Sasa kaa chini. Mpe sahani.

Sikulala. Nilikuwa nacheza karata kwenye kompyuta. Zilikuwa nzito, kila karata inatembea kama bibi harusi, kwa sababu ile kompyuta ya ndani ilikuwa inakula nguvu zote. Nikataka kuiondoa njiani. Ikaniuliza kitu kwa Kiingereza, nikabonyeza ndiyo. Ikauliza tena, nikabonyeza tena, nimekasirika. Karata zikawa nyepesi. Nikashinda mara mbili.

Na Luqmani alinikuta. Alipofuata kofia alisimama nyuma yangu, akasema mjomba tafadhali usifunge kitu chochote humo, akaondoka. Alijua tangu mchi unapaa kwamba ni mimi. Mbele ya wazee aliniangalia, mdomo umejaa pamba, akasubiri niseme. Niliposema nilichosema, akainamisha kichwa akanyamaza, kwa kuwa mpwa hamwanikii mjomba aibu yake. Meno yake ameyatoa kwa ajili ya karata zangu.

Jumamosi nitasema yote mbele yao. Wakitaka kunitoa mimi kwenye nyumba, watoe.

Wasalimie majirani, na Mwanaheri umwambie dawa yake ya goti haikusaidia, maana goti halikuwa linauma.

Jambo moja dogo, nalo ni haki yangu. Chungu cha mama ulikivunja wewe, na mkanda wa baba ukaangukia mgongo wangu. Ulisema siku moja utanilipa, na miaka yote hii sijakudai. Njoo na gari la kwanza pamoja na Luqmani, ukae nasi kwenye mkeka, katikati yangu na Hafidhi. Kaa kushoto kwake, kwenye mkono unaoshika panga.

Kaka yako,
Abdulswamad