Kurasa za Mwisho

Goweko, Jumapili

Kaka Valentino,

Bado naisikia ile karatasi ikichanwa. Baba alichana kurasa za mwisho za riwaya ya Kimarekani ninayoisoma chuoni, ili asokotee tumbaku. Inahusu kijana aliyejiona mgeni nyumbani kwao, akaondoka bila kuaga, kama wewe.

Mvua zimechelewa. Mama haniulizi tena habari zako.

Nilipolalamika na kumsimulia habari za yule kijana, Baba alicheka. “Wamarekani wako wanashika moto vizuri!” Kisha akapoa. “Huyo mtoto, alirudi kwao?”

Sikuwa nimefika mwisho, Kaka, na mwisho wenyewe ulikuwa unawaka mdomoni mwake. Nikamjibu kwamba alirudi, na kwamba umeniandikia, wewe pia unakuja Krismasi.

Leo ameanika godoro lako juani.

Mdogo wako,
Apolinaria