Tagi ya Mama Samaki

Alhamisi

Treni imepita, mabati yametulia, na mimi bado naiwaza ile firewall inayochagua kompyuta gani zipite kwa mtandao wa ofisi. Bosi wangu Wafula alinikuta naandika anwani za kompyuta moja moja, akafoka: "Achieng, anwani hubadilika! Bandika kompyuta tagi, lebo yake, itaingia yenyewe kwa kundi la zinazoruhusiwa." Kweli. Kompyuta ikahama anwani na bado ikapita. Nilipotoa tagi, ikafungiwa papo hapo.

Jioni nilipanga foleni ya maji huku Mashimoni, nilikohamia majuzi kutoka Laini Saba. Sikujua mtu. Muuza maji akanikazia macho. "Wewe si ni wa Mama Samaki? Kuja mbele."

Mum, aliyeuza samaki mpaka huku, tulimzika mwaka jana. Nilipita mbele na mtungi wangu, nikajaziwa.

Hakuna mtu ameitoa hiyo tagi.